Uzi wa pamba ulionifanya niandike ugonjwa usiokuwepo

Mwaka 2011 nilikuwa fildi, mwaka wa pili wa diploma ya maabara, kwenye kituo kimoja cha afya huku kwetu Tanga, na wiki ile tulikuwa tunatoka usiku kwenda vijijini kuchukua damu za kuangalia matende. Kwa asiyejua, wale wadudu wachanga wa matende, maikrofilaria, kwa ukanda wetu huu mchana huwapati kwenye damu ya kidole, wanajificha ndani huko kwenye mishipa ya mapafu, wanatoka kuanzia kama saa nne usiku mpaka saa nane, muda uleule ambao mbu wanaowabeba wanauma. Kwa hiyo na sie tunatoka usiku. Unamtoboa mtu kidole, unachukua damu maikrolita 60, unaipanga mistari mitatu kwenye slaidi, unaiacha ikauke, kesho yake unaitoa ule wekundu kwa maji, unapiga rangi ya Giemsa, alafu ndo unakaa kwenye maikroskopu na kuzipitia slaidi moja moja mpaka shingo inauma.

Kwenye ile ya dada mmoja mwenye mtoto mchanga nikaona. Kitu kirefu chembamba, kimejikunja kama herufi S, rangi ya bluu imekiingia kidogo, huku kina ncha na huku kina ncha. Moyo ulinidunda kwa kweli, maana nilikuwa nimeshapitia slaidi nyingi tupu na nilitaka sana nipate. Nikaandika kwenye rejista positivu. Mchana yule dada akapita mwenyewe kituoni kuleta mtoto kliniki, akanikuta mlangoni akaniuliza majibu, na mie bila kumsubiri mtu nikamwambia una vijidudu vya matende, utaanza dawa. Alichofanya sijakisahau, aliinama akashika mguu wake wa kushoto juu ya kifundo kama mtu anayeupima, akanyamaza, akaondoka.

Siku ya tatu mama inchaji akawa anarudia slaidi zote zilizoandikwa positivu, ndo utaratibu. Akaniita. Hakugomba. Akasema njoo ukae hapa, niambie viini viko wapi. Nikatazama. Maikrofilaria ukimpiga rangi anajaa viini ndani, vinukta vya zambarau vimepangana mwili mzima kama shanga kwenye uzi, na yule wa kwetu ncha ya mkia inabaki tupu haina kiini. Nikasema sivioni mama. Akasema ala iko wapi? Maana huyu mdudu amevikwa kiala chepesi, kama kisu kwenye ala yake, ila hiki ni kirefu kuliko mwenyewe, kinazidi kichwani na mkiani. Sikuiona. Akaniuliza, kidole cha mgonjwa ulifutia nini? Nikasema pamba.

Basi akachukua kopo la pamba pale mezani, akanyofoa kidogo sana, akaiweka kwenye slaidi nyingine na tone la maji, akafunika na kavaslipu, kile kijioo chembamba cha juu, akaiweka chini ya lenzi. Alikuwepo yule yule. Utepe bapa, umejipinda, umejiviringisha mara kwa mara kama mkanda wa kiunoni ulioshikwa huku na huku ukasokotwa, pengine mwembamba pengine mpana, kingo zinang'aa. Nilikuwa nimeandika pamba kwenye rejista nikaiita ugonjwa.

Jioni nikachukua pikipiki mpaka kijijini kwa yule dada. Nilimkuta anatwanga. Nikamwambia dada nimekosea, hukuwa na kitu, ni uzi wa pamba niliyokufutia, naomba unisamehe. Aliweka mchi chini. Akaniambia, "Mwenzangu, siku tatu hizi nalala nimeushika mguu." Hakusema jingine, akaniletea maji ya kunywa.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza kitu kimoja, kwamba shule tulikuwa tumefundishwa vizuri sana wadudu. Michoro ya mayai ya kichocho, ya safura, vimelea vya malaria hatua zote, tumechora mpaka usiku. Lakini hakuna siku hata moja tuliyowekewa pamba. Hakuna aliyetuonyesha nywele, wala uzi wa koti tulilovaa, wala vumbi la mezani, wala unga wa ugali, vitu ambavyo ndo vimejaa kwenye kila slaidi ya kila siku. Sasa mtu asiyemjua jirani yake akimuona gizani si atapiga kelele mwizi?

Kesho yake nikamwomba mama inchaji ruhusa, kila siku kazi ikiisha niweke kitu kimoja cha nyumbani. Akakubali kwa masharti mawili, nisiguse lenzi ya mafuta, ile inayokuza kuliko zote, na nirudishe kila kitu kilivyokuwa. Nilianza na daftari la mistari, nachora upande mmoja na kuandika upande mwingine, na mpaka leo naendelea, daftari ni la nne.

Nianze na pamba yenyewe maana ndo iliyoniadhibu. Unyuzi wa pamba ni seli moja tu. Moja. Umeota kutoka kwenye ngozi ya mbegu kama unywele, ukarefuka mpaka sentimita mbili tatu, na unene wake ni maikromita kama 12 mpaka 20 hivi, yaani ukiipanga kama 60 kwa ubavu ndo unapata milimita moja. Tumba likiwa bado limefunga huko shambani Shinyanga au Simiyu, kila unyuzi ni mrija wa mviringo umejaa majimaji. Tumba likipasuka jua likaingia, maji yanakauka, mrija unabonyea unakuwa bapa, na katika kubonyea unajisokota, mara kulia mara kushoto. Kile kijisokoto ndicho kinachofanya nyuzi zishikane ukizisokota ziwe uzi, bila hicho kanga isingekuwepo. Nilivyoelewa hivyo nilikaa nikaitazama pamba ya kufutia vidole kwa heshima nyingine kabisa.

Alafu kuna ile pamba isiyokomaa, ambayo ukuta wake haukuwahi kunenepa. Chini ya lenzi unaiona nyepesi kama nailoni ya kufungia mkate, na rangi haishiki vizuri. Wale wanaouza vitenge wanavijua vile vidoadoa vyeupe kwenye kitambaa cha rangi nzito, kama vumbi lisilofutika, mara nyingi ni vifundo vya nyuzi hizo hizo zilizokataa rangi. Shangazi yangu alikuwa anavikwangua kwa ukucha miaka yote.

Sufi ilinishangaza kwa kinyume chake. Bibi alikuwa na mito ya sufi, ile ya msufi, tuliopigwa nayo tukiwa watoto mpaka inatoa vumbi. Nikachukua kidogo nikaiweka kwenye tone la maji, haikutaka kulowa, inaelea inakimbia pembeni. Chini ya lenzi ni mrija ulionyooka, laini, ukuta mwembamba sana na ndani hewa tupu, unaiona ile hewa kwa mistari miwili meusi ya pembeni. Haijisokoti hata kidogo. Ndo maana inateleza na haifai kusokotwa nyuzi ikiwa peke yake, na ndo hiyo hiyo hewa na nta yake vilivyofanya watu waijaze kwenye maboya ya kujiokolea baharini kabla ya mambo ya plastiki. Mti mmoja na mmea mwingine, vyote vinatoa kitu cheupe laini, wote tunaviona sawa kwa macho, kumbe kimoja ni utepe na kingine ni bomba.

Nywele za mtu ni nene sana ukitoka kwenye pamba. Kwa juu zina magamba yamelaliana kama vigae vya nyumba, yote yameelekea nchani, ndo maana ukipitisha kidole kutoka mzizini unateleza na ukirudi unakwaruza. Sufu ya kondoo ina magamba pia, ila yamechomoza zaidi, ukiiosha kwa maji ya moto ukaivuruga magamba yanashikana na sweta inarudi saizi ya mtoto. Rafiki yangu aliniletea unywele wa wigi aliyouziwa kama nywele halisi. Ulikuwa laini tupu kama bomba la dripu, hakuna gamba, hakuna chembe za rangi ndani, unene uleule kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kitu kilichoota hakiwi sawa hivyo.

Na hapo nirudi kazini, maana michezo hii ndo iliyoniokoa kazini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kwenye slaidi za choo utakutana na vinywele vya mimea, vya mboga za majani na matunda, ambavyo mwanafunzi akiviona anaruka kusema lava, yaani mnyoo mchanga. Tazama mwisho wake, kinywele cha mmea upande mmoja umechongoka na upande mwingine umekatika butu pale kiliponyofoka kwenye jani, na ndani hakuna utumbo. Lava ana utumbo, unauona. Chavua nazo, chembe za maua, duara zenye ukuta mnene na vinundu, zimeshaandikwa mayai ya minyoo mara nyingi na watu wazima kabisa. Na wanga! Wanga wa muhogo ni chembe za duara nyingine zimekatwa upande mmoja kama ngoma, wa mahindi una pembepembe na kidoa katikati, wa mchele ni midogo mno imesongamana, wa kiazi mviringo ni mikubwa kama chaza na mistari ya duara iliyoelemea upande mmoja. Ukiwa na shaka unatia tone la ayodini, wanga unageuka bluu nzito karibu na nyeusi. Nilijifunza kwa kuweka unga wa jikoni, si kwa slaidi za shule. Sa hivi mtu akiniletea slaidi ya unga naweza kukwambia ni unga wa nini.

Miezi saba baada ya lile kosa ndo nikampata wa kweli. Usiku, kijiji kingine, safari hiyo tulikuwa tumetoa tone la damu na kuliangalia bichi kabla halijakauka. Kwanza niliona chembe nyekundu za damu zinasukumwasukumwa kama watu wanaopisha njia sokoni, mwenyewe simuoni. Alafu akapita, anajipigapiga kama mjeledi, na hakuwa na kingo zile za kung'aa, hakuwa na vipindo vya mkanda, unene wake ulikuwa sawa mpaka karibu na mkia unaochongoka. Kesho yake kwenye rangi nikahesabu kila kitu, ala ipo, shanga zipo, mkia mtupu. Sikuandika kitu mpaka mama inchaji alipokaa akatazama. Alitazama kidogo tu akasema andika. Mgonjwa alikuwa mzee mvuvi, alipewa dawa zake, na sikumpa majibu mlangoni, nilimkalisha.

Kitu kinachonipendeza ni kwamba hii kazi yetu ya kutazama viumbe visivyoonekana ilianzia dukani kwa nguo. Leeuwenhoek, yule Mholanzi wa mji wa Delft, hakuwa daktari wala profesa, alikuwa muuza vitambaa, na wauza vitambaa wa zamani zile walikuwa wanatumia lenzi kuhesabu nyuzi wajue ubora wa kitambaa. Yeye akaenda mbali akawa anasaga vilenzi vyake mwenyewe vidogo kama punje, kimoja kilichobaki kinakuza zaidi ya mara 200 na 60, na mwaka 1676 akaandika barua kueleza vijidudu alivyoviona kwenye maji. Yaani kutoka kwenye uzi mpaka kwenye bakteria. Mie nilirudi njia ile ile kinyumenyume.

Nayo njia hiyo ilimfikisha shangazi yangu mahali. Ana duka la kanga na mashuka karibu na soko, na mwaka mmoja alichukua mzigo wa mashuka kwa mtu wa jumla, kila pakiti imeandikwa pamba asilimia 100. Wateja wakaanza kurudi, shangazi haya mashuka yanachoma mgongo, hayanywi jasho, yanatoa vidongedonge. Akanipigia, mwanangu si una ile mashine yako, hebu niangalizie. Wakati huo nilikuwa nimeshajinunulia maikroskopu ya mtumba ya shule, ile ya kioo cha kuakisia mwanga wa mchana, inakaa kibarazani kwetu. Nikachomoa nyuzi za urefu na za upana, nikazichambua kwa sindano kwenye tone la maji, nikahesabu 100. Za kujisokota zilikuwa 38. Zilizobaki ni fimbo, zimenyooka, laini, unene mmoja, na ndani zimenyunyiziwa vinukta vyeusi vidogo sana kama pilipili manga, ambavyo ni unga wa titani unaotiwa kiwandani kuupunguzia uzi ule mng'ao wa plastiki. Hiyo ni polista. Tukahakikisha kwa kiberiti, pamba ukiichoma inaungua kama karatasi inaacha jivu, polista inayeyuka inajikunja inakuwa kidonge kigumu cheusi, na hiki kilifanya vyote viwili.

Shangazi hakupata hela yake yote, huyo mtu wa jumla alikuwa na maneno mengi. Ila alichukua kalamu akafuta pakiti moja moja, akaandika mchanganyiko, akashusha bei. Tangu hapo hanunui mzigo bila kunitumia kipande.

Kwa mwenye hamu ya kujaribu, haihitaji makubwa. Uzi mmoja, usiwe kifungu, tone la maji, kavaslipu, anza na lenzi ya 10 ndo uende 40, na funga kidogo lile tundu la mwanga la chini, maana mwanga ukiwa mkali sana vitu vyenye uangavu vinapotea kabisa. Slaidi niliyoipenda nazungushia rangi ya kucha ile isiyo na rangi pembeni, inakaa siku kadhaa bila kukauka. Kama huna maikroskopu, kilenzi cha tochi ya leza iliyokufa ukikibandika kwa selotepu mbele ya kamera ya simu utaona nyuzi za shuka lako na punje za chumvi zilivyo vijisanduku vyenye pembe nne. Mie watoto wa jirani wanakuja kila Jumamosi, wameshamaliza mchanga wa bahari, vumbi la bawa la nondo, na makumbi ya nazi. Makumbi yana ganda gumu la kahawia na vijitundu, na wale wanawake wa Unguja wanaoyafukia ufukweni miezi mingi ndo wayapige wasokote kamba wanajua vizuri kuliko mimi kwa nini hayaozi kwa maji chumvi, mitepe, zile mashua za zamani, ilishonwa kwa kamba hizo hizo.

Niliuchelewesha mkonge, na kwa mtu wa Tanga ni aibu. Mimea 62 tu ndo iliyofika hai huku kwetu mwaka 1893, aliiagiza Mjerumani Hindorf, mtaalamu wa kilimo, kutoka Florida, na kutoka kwenye hiyo yakatoka mashamba yote yale unayoyaona ukitoka Korogwe kwenda Muheza. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi korona, kule majani ya mkonge yanakosagwa kutoa nyuzi, miaka mingi, kulisha majani mashineni. Katika jani zima singa, yaani hizo nyuzi, ni kama asilimia nne, zilizobaki ni maji na nyama ya jani, na vyote hivyo vinamrukia aliyesimama pale. Mie babu namkumbuka mikono, ilikuwa na mabaka, ngozi ngumu kama ya kobe, na alikuwa anajikuna hata baada ya kustaafu.

Singa moja ya katani siyo seli moja kama pamba, ni fungu la seli nyingi nyembamba zimegandishwa pamoja kama fito za ukuta, na katikati unakuta springi, springi kabisa, mrija uliojizungusha ambao ukivuta singa unafunguka. Hiyo niliichora ukurasa mzima. Ila siku moja nikakata jani bichi la mkonge uliojiotea pembeni ya barabara, badala ya singa nikachukua ule utomvu wa kijani, tone moja, nikatazama kwa lenzi ya 40. Sindano. Mafungu kwa mafungu ya fuwele nyembamba zimechongoka huku na huku, zimelala pamoja kama njiti ndani ya kiberiti, na nyingine zimeshatawanyika zinaelea peke yake. Ni kalsiamu oksaleti, mmea unazitengeneza wenyewe ndani ya seli zake, na zikiingia kwenye ngozi zinatoboa kweli.

Mama alikuwa ndani anapika, nikamwita kibarazani. Alifuta mikono kwenye kanga akainama. Ilimchukua muda kupata jicho, alafu akatulia, akakaa pale muda mrefu mpaka nikadhani haoni kitu.

"Hizi ndo zilizokuwa zinamchoma?"

"Ndo hizi mama."

"Akirudi jioni alikuwa ananiita nimsugue mikono kwa mafuta ya nazi. Anasema mwanangu, imejaa sindano. Sie tukicheka, tukidhani anatia chumvi."

Akainama tena kutazama.